Mzizi wa Tatu

Kwa maelezo ya Mzee Mbaruku, jirani wa ua kwa ua, Sadala Semkiwa hakufa wala hakupotea. Alikimbia. Mzee Mbaruku alimwona kwa macho yake haya mawili, Segera njia panda, mwezi wa tano mwaka jana, amesimama kwenye kivuli cha basi la Dar es Salaam, anamenya muwa kwa meno na kutema makapi kama mtu aliyekwisha kuaga kwao. Mzee Mbaruku akamwita, "Sadala!" Mtu akageuka, akapunga mkono, akapanda basi na muwa wake. Basi likaondoka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye jalada la polisi. Miezi sita baadaye Mzee Mbaruku aliitwa kuyarudia, akaongeza kofia nyekundu. Na Jumatano hii, kibarazani kwake pale Handeni, alipokuwa anayatoa kwa mara ya tatu mbele ya Sajenti Husna wa upelelezi, akaleta na mwanamke.

"Mnene, mweupe, kajitanda khanga ya njano," alisema. "Alikuwa kamshika mkono."

Husna aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Mzee wangu, mwaka jana huyu mwanamke hakuwepo."

"Alikuwepo. Nilimsahau."

"Na ile kofia?"

"Alivua akampa mwanamke."

"Mwakani nikirudi watakuwa wamepata mtoto."

Mzee Mbaruku akasogeza kigoda karibu, akashusha sauti. "Hilo la mtoto mimi sikutaka kulisema, maana mkewe anasikia."

Mkewe alikuwa anasikia kweli. Ng'ambo ya ua wa makuti, mchi uliokuwa unatwanga mahindi tangu Husna alipokaa chini ulikuwa umenyamaza. Kisha ukaanza tena, kwa nguvu zaidi.

Husna alifunga daftari. Alikuwa na kawaida moja tangu alipoanza kazi hii: mtu akimpa maelezo mara tatu, alikuwa anafuta yote yaliyobadilika na kubaki na yale yaliyogoma kubadilika. Kofia ilikwenda. Mwanamke alikwenda, na mtoto wake, na khanga yake ya njano. Vilivyobaki vilikuwa vitu vinne tu: Segera, mwezi wa tano, uso, na muwa. Akavipigia mstari, akamuaga mzee, akazunguka ua.

Zamda, mke wa Sadala, hakuacha kutwanga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkavu wa maneno, na miezi kumi na minne ya kuulizwa maswali yale yale ilikuwa imemmalizia hata yale machache aliyokuwa nayo.

"Amefikia wapi leo?" aliuliza. "Wameshajenga nyumba huko Dar?"

"Pole, Zamda."

"Miezi kumi na minne, afande. Si mke, si mjane. Eda sijakaa, maana hakuna maiti. Nikivaa nguo nzuri wananisema, nikivaa mbaya wananisema ndiyo maana kakimbia."

Kwenye pikipiki iliyoegeshwa mlangoni alikaa Adamu, mdogo wake Sadala, karani wa ofisi ya halmashauri. Alikuwa amewaletea watoto wa kaka yake sukari na mapande matatu ya muwa. Pande la nne lilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Alimsalimia Husna kwa adabu, akavunja fundo kwa gego la kushoto, akachuna ganda kwa la kulia, akasema yale aliyoyasema siku zote.

"Afande, na ninyi muacheni apumzike. Kama kakimbia, kakimbia. Siku moja atarudi."

"Na ule utaya?"

"Utaya ni wa mtu. Watu wangapi wanakufa?"

Utaya ulikuwa umefukuliwa mwezi wa pili mwaka huu na trekta lililokuwa linang'oa visiki vya mkonge wa zamani upande wa Makuyuni, wilaya ya Korogwe. Utaya wa chini wa mtu mzima, nusu yake ya kulia imebabuliwa na moto wa kusafishia shamba, nusu ya kushoto ilikuwa ndani ya udongo na imepona. Vipande vingine vichache vya mifupa, basi, vingine fisi wanajua. Zamda ndiye aliyekwenda mwenyewe polisi aliposikia. Alisema mumewe alikwenda Korogwe kutibiwa gego la chini kushoto, akarudi mdomo umekufa ganzi, akala uji wa kijiko siku mbili, siku ya tatu akaondoka tena kwenda kupakia machungwa kwenye malori. Hakurudi. Na ule utaya, chini kushoto, ulikuwa na gego lililotobolewa.

Polisi wakapita kliniki zote nne za meno Korogwe kuuliza jina la Sadala Semkiwa. Hakuna. Wala anayefanana nalo. Ikaandikwa kwamba mke amechanganya.

"Ijumaa saa tisa alasiri gari linaondoka kwenda maabara," Husna alimwambia Zamda. Alikuwa hapendi kulisema, lakini alipendelea alisikie kwake. "Vipande vile vingine vimeungua sana. Wanataka lile gego. Watalisaga unga wapime vinasaba."

Mchi ukasimama hewani.

"Walisage?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Mnajua kwetu kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kumvunja aliye hai? Nimebakiwa na kile tu, afande. Kiganja kimoja cha mtu. Na chenyewe mkakisage kama mahindi?"

Adamu alitema makapi pembeni, akatazama saa yake. Alisema anachelewa kazini.

*

Alhamisi asubuhi Husna alikuwa Korogwe na utaya ndani ya boksi la kielelezo, fomu ya kuuhamisha imesainiwa na watu watatu. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki wa kumwendea, na safari hii hakumwendea kwa jina bali kwa picha. Daktari Benedicto, kwenye kliniki yake ndogo jirani na Kwamndolwa, alikuwa anajulikana kwa jambo moja lililowachekesha wagonjwa wake: kila aliyekuja na gego la chini alipigwa eksirei, na daktari akaomba ruhusa ya kubaki na picha. Alikuwa anafanya utafiti. Mwaka wa nne sasa.

Alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa uzi shingoni. Aliisoma barua ya Husna mara mbili, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Hii ni ya Handeni."

"Ndiyo, daktari. Ninatoka Handeni."

"Kliniki iko Korogwe. Haina mhuri wa Korogwe."

Husna akaenda kituo cha polisi cha Korogwe. Mwenye mhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Alipokuja, wino ulikuwa umekauka, wakaumwagia maji, mhuri ukatoka kama doa la mchuzi. Saa nne na nusu alikuwa amerudi kwa daktari. Umeme ulikuwa umekatika.

"Nina jenereta," Daktari Benedicto alisema, kisha akaharibu habari njema, "ila mafuta ni ya kubabaisha."

"Tubabaishe hivyo hivyo."

"Na jambo la pili. Picha za utafiti zina namba tu. Majina yako kwenye daftari jingine, nimefungia. Niliwaahidi watu wale."

"Sijakuomba jina. Nimekuomba ulitazame jino."

Hapo akalainika, maana kutazama meno kulikuwa ndiyo raha yake. Akavaa glavu, akautoa utaya kwenye pamba kama anayetoa kifaranga kwenye yai. Akaukalisha mbele ya mashine, akauelekeza, jenereta ikakohoa, picha ikatokea kwenye kompyuta. Gego likaonekana jeupe, na chini yake mizizi miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama miguu ya mtu aliyesimama wima.

"Gego la kwanza la chini," alisema. "Mizizi miwili, kama watu wengi. Lilifunguliwa, mifereji ikasafishwa, halijazibwa kwa kudumu. Kazi ilikatizwa katikati." Akapitisha kidole kwenye orodha yake. "Niliowafungua na hawakurudi, wenye mizizi miwili, upande huu, ni wanawake wawili na kijana wa miaka kumi na sita. Huu utaya ni wa mwanaume mzima. Hayupo kwangu, afande. Pole."

Ripoti ya uchunguzi wa mwezi wa pili nayo ilikuwa imesema hivyo hivyo: mizizi miwili, kama kawaida. Husna aliisoma tena, kwa hasira, kama vile maneno yangeona haya yakajibadilisha. *Mizizi miwili. Dawa ya kuzibia ya muda, imevunjika pembeni. Chini ya dawa, nyuzi nyeupe za plastiki, asili yake haijulikani.* Saba ya mwezi, sahihi, mhuri. Ule mhuri ulikuwa umetoka vizuri.

Akainua macho. Daktari alikuwa bado hajafunga orodha yake kwenye kompyuta, na picha zilikuwa zimejipanga pale kama watoto wa shule kwenye mstari. Husna hakujua chochote kuhusu meno. Lakini kuhesabu alijua.

"Daktari. Mbona kila jino hapo lina picha mbili?"

"Ndiyo utaratibu wa utafiti. Ya kwanza napiga nikiwa mbele kabisa. Ya pili nahamisha mashine pembeni kidogo."

"Kwa nini uhamishe?"

"Kwa sababu mzizi unaweza kujificha nyuma ya mwenzake." Akavua miwani, akaingia kwenye habari aliyoipenda. "Wewe umepita kwenye mkonge. Ukisimama kwenye kichwa cha mstari unaona mche mmoja tu, ule wa mbele. Piga hatua mbili pembeni, unaona mstari mzima. Na meno ni hivyo. Wapo watu, si wengi, gego lao la chini lina mzizi wa tatu, mdogo, upande wa ulimi. Ukipiga mbele unazikwa na mkubwa. Daktari asiyehama anausafisha mzizi wa mbele na wa nyuma, anaziba, anamwambia mtu umepona, na mtu anaendelea kulia usiku. Ndiyo maana nauhesabu. Nimeshapima meno mia nne na kumi na mawili ya watu wa Korogwe na Handeni, na..."

"Na hili umelipiga picha ngapi?"

Daktari Benedicto akafunga mdomo. Akatazama mashine, akatazama dirishani kulikokuwa na mlio wa jenereta.

"Moja," alisema. "Mafuta."

"Daktari, nimekuja kutoka Handeni. Nimetafuta mhuri asubuhi nzima. Ningechota mafuta kwenye pikipiki yangu."

"Ngoja, ngoja. Yatatosha."

Akahamisha mashine pembeni, kiasi cha upana wa kiganja. Jenereta ikagugumia, taa zikafifia, Husna akashika ukingo wa meza kana kwamba angeisukuma. Picha ikatokea.

Nyuma ya mguu wa pili wa yule mtu aliyesimama wima kulikuwa na mguu wa tatu. Mwembamba, mfupi, ncha yake imepinda kama ndoana ya kuvulia kambale.

Daktari akairudisha miwani machoni. Alirudi kwenye orodha, akachagua wenye mizizi mitatu tu, wakabaki wachache. Akashuka nao mmoja mmoja, akasimama kwenye namba mia mbili na nane. Akaziweka picha mbili sambamba. Ndoana na ndoana. Hata mifereji miwili ya mzizi wa mbele, iliyokutana karibu na ncha kama mito miwili, ilikutana mahali pale pale.

"Ni huyu?" Husna aliuliza.

"Mimi sisemi ni huyu. Nasema ukinichanganyia hizi picha, siwezi kukwambia ipi ni ipi."

"Si ni kitu kile kile!"

"Si kitu kile kile hata kidogo, afande. Mahakamani wataniuliza, na mimi nitajibu hivyo."

Husna alivuta pumzi. Macho yake yakatua kwenye sinia la vyuma kando ya kiti cha mgonjwa. Katikati ya vioo na koleo kulikuwa na kitu kisicho na kazi pale: kibunda cha tepu nyeupe, ile wanayozungushia mafundi bomba kwenye koki isivuje.

"Bomba lako linavuja, daktari?"

"Hilo? Hapana, la kazi hilo. Nikifungua jino na mtu atarudi, naweka kipande cha ile tepu ndani kwanza, halafu ndiyo dawa ya muda juu. Wenzangu wanaweka pamba. Pamba inaoza, inanuka. Wananicheka, lakini..."

Husna alikuwa amekwisha kuiweka ripoti mbele yake, kidole chini ya mstari. *Nyuzi nyeupe za plastiki, asili yake haijulikani.*

Daktari alichukua kioo cha kukuza, akainama juu ya gego kwenye ule upande dawa ilipovunjika. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni mkono wangu," alisema. "Hili nalisema popote."

"Ulilifungua lini?"

"Mia mbili na nane... tarehe kumi na tatu mwezi wa pili, mwaka jana. Alitakiwa arudi tarehe ishirini na saba. Hakurudi."

Kumi na tatu. Zamda alisema kumi na tatu kwenye maelezo yake ya kwanza, akaambiwa amechanganya.

"Na hii dawa ya juu, mtu anaweza kukaa nayo mpaka mwezi wa tano? Anamenya muwa?"

"Muwa!" Daktari alicheka kwa mara ya kwanza. "Hii haistahimili hata ugali, inalika ndani ya wiki tatu. Na hapa ilipovunjika ni trekta, si kutafuna. Ona, juu ni laini vilevile nilivyoipapasa mimi. Mtu huyu hakulitafunia jino hili hata mara moja. Alikufa ndani ya siku chache, akiwa bado anakunywa uji."

Kwa hiyo habari ya Sadala wa Segera ilikuwa imeanguka. Lakini muwa ulikuwa umegoma kubadilika mara tatu. Husna aliuweka kando.

"Sasa jina," alisema.

Daktari alitazama barua, akautazama ule mhuri kama doa la mchuzi, akautazama utaya. Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati, akafungua droo ya chini kabisa, akatoa daftari lenye jalada gumu, akapitisha kidole mpaka kwenye mia mbili na nane. Akaligeuza daftari limwelekee Husna.

*Adamu Semkiwa. Handeni. Bima ya mwajiri.* Namba ya kadi. Sahihi.

Husna alilisoma mara tatu, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mnamfahamu?" daktari aliuliza. "Basi mmempata. Poleni kwa msiba."

"Jana," Husna alisema, "alikuwa anavunja fundo la muwa kwa gego hili hili."

*

Ijumaa saa nane mchana, Afande Frank, mkuu wake wa kazi, alisikiliza yote akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Kwa hiyo picha inasema utaya ni wa Adamu."

"Picha inasema ni wa mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Daftari ndilo linasema Adamu."

"Na Adamu yuko hai."

"Yuko hapo nje, afande. Nimemwita."

"Basi mimi nikiandika kwamba marehemu ni Adamu nitachekwa, na nikiandika ni Sadala sina karatasi. Umeniletea nini, Husna? Umeniletea maiti yenye jina la mzima." Akatikisa funguo. "Niletee mtu wa kusema Sadala alikalia kile kiti. Usiponiletea, saa tisa jino linaondoka. Maabara watalisaga, tutajua."

"Mjane hataki lisagwe."

"Hujui kama ni mjane. Ndiyo tunachotafuta."

Husna alimwingiza Adamu kwenye chumba cha maelezo. Alikuwa amevaa shati la kazini, kitambulisho kifuani. Husna hakumwuliza kitu. Alimwomba afungue mdomo.

"Nifungue mdomo?"

"Fungua, ndugu yangu. Sikung'oi."

Adamu akafungua. Husna akawasha tochi ya simu, akamulika chini kushoto, akamulika chini kulia, akarudi kushoto. Alimkagua polepole mpaka taya zikaanza kumtetemeka. Magego manne mazima, meupe, hakuna tundu, hakuna dawa, hakuna pengo. Mtu wa kutafuna muwa.

"Funga. Una meno mazuri. Umewahi kutibiwa jino lolote?"

"Sijawahi. Alhamdulillahi."

"Korogwe, tarehe kumi na tatu mwezi wa pili mwaka jana, ulitibiwa gego."

Adamu alijifuta mdomo. "Daktari kakosea kuandika."

"Alikosea jina, akakosea na namba ya kadi yako, yote, tarakimu kwa tarakimu?"

"Watu wanaibiwa kadi."

"Uliripoti?"

"Sikuripoti."

"Mwezi wa tano ulisafiri?"

Swali lilitoka upande ambao hakuwa amejikinga. "Nilikwenda semina. Dar."

"Basi ulipandia wapi?"

"Segera."

"Na muwa wako."

Akakunja uso, hajui muwa umeingiaje. Husna aliegemea mbele. Wale ndugu wawili walikuwa wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Kila aliyewajua alilisema, na hakuna aliyeliandika. Kwa kufanana huko, kadi yenye picha ya mmoja ilimpitisha mwingine. Na kwa kufanana huko huko, mzee mmoja mwenye macho hafifu aliita Segera.

"Kuna mtu alikuita 'Sadala', ukampungia mkono."

"Wanatuchanganya tangu utotoni," Adamu alisema taratibu. "Ukikataa kila anayekosea, hutafika unakokwenda."

"Mzee Mbaruku aliporudi akautangazia mtaa mzima kwamba kaka yako kakimbia na mwanamke, ulijua aliyeonekana ni nani. Ulijua tangu siku ile. Hukusema."

"Ningesemaje ya Segera bila..." Akakata.

"Bila nini?"

"Afande, nani hapa Handeni hajawahi kwenda hospitali kwa jina la ndugu yake? Nani? Nitajie." Sauti ilimpanda, kisha akakitazama kile kitambulisho kifuani, akaishusha. "Nina watoto watano. Wakijua ofisini sirudi tena. Na mahakamani nitapelekwa."

"Sijasikia bado kama uliitoa kadi au hukuitoa. Ninayo fomu hapa. Mstari mmoja unatosha."

Akaisukuma karatasi, akaweka kalamu juu yake. Adamu aliiangalia tu.

Mlango ulikuwa wazi, na Zamda alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu saa saba. Hakuitwa. Aliinuka mwenyewe, akaingia, akaweka juu ya meza kifurushi kidogo kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua. Kilikuwa kitambaa cheupe cha bafta, kipya, kimekunjwa mara nne.

"Nimenunua mita moja," alisema. Hakuwa anamtazama Husna. "Muuza duka akaniuliza, sanda ya mtoto? Nikamwambia ndiyo. Ningemwambiaje?"

"Shemeji..." Adamu alianza.

"Ngoja. Sikulaumu kwa kadi. Alikuwa analia usiku kwa lile jino, ulimsaidia, Mungu akulipe. Na hii miezi kumi na minne nayo sikudai." Akasogeza bafta mpaka ikagusa karatasi. "Nakuomba neno moja tu. Waambie ni nani alikaa kwenye kile kiti. Wanipe nizike kile kilichobaki, kikiwa kizima."

Nje, gari liliwashwa. Afande Frank alipiga honi mara moja, fupi.

Adamu aliitazama bafta, akaitazama fomu, akaitazama kalamu iliyolala katikati ya hivyo viwili. Mdomo alioufungua kwa ajili ya tochi, akauacha ukamulikwa mpaka taya zikatetemeka, sasa ulikuwa umefungwa, na misuli ya mashavu yake ilikuwa inacheza, kushoto na kulia, kama mtu anayetafuna kitu kisichomezeka.

Zamda alisubiri, mkono juu ya kitambaa.

Honi ikalia ya pili.